Mpunga tunauanika, nguo tunazivundika

Mwezi wa nne Ifakara kuna kesi ya nyumbani inayojirudia. Baba kaalikwa harusini Kibaoni, anafungua kabati kutoa suti ambayo hajaivaa tangu Krismasi, anakuta kola imeota vidoa vya kijivu. Viatu vya ngozi vimefunikwa na unga wa kijani. Kitenge cha mama kilichokunjwa chini kabisa kinanuka uvundo hata kabla hakijakunjuliwa. Baba anamgeukia mama, mama anamgeukia dada wa kazi, na dada anaapa kwamba nguo zote zilifuliwa, zikakauka, zikapigwa pasi ndipo zikaingia kabatini. Anasema kweli, lakini hukumu imeshatoka: hamjui kutunza nguo.

Nimesikia hukumu hiyo katika nyumba nyingi za mji huu, na sijawahi kusikia mtu akimshitaki fundi aliyejenga ukuta ulio nyuma ya kabati. Wala baba mwenye nyumba. Wala aliyeuza kabati lenyewe. Leo nataka tuwaite na hao kizimbani, kwa sababu kwa maoni yangu ukungu wa kabatini ni kosa la ujenzi tunalowabebesha wanawake.

Tuanze na mahali tulipo. Ifakara imekaa kwenye tambarare, kama mita 250 hivi kutoka usawa wa bahari, Udzungwa ikiwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili. Maji ya milima yote hiyo yanateremkia kwetu. Kuna Mto Kilombero, kuna Lumemo unaopita ubavuni mwa mji, na bonde lenyewe ni ardhioevu kubwa, iliyoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mvua ya mwaka ni kati ya milimita 1,200 na 1,800. Dodoma hupata chini ya nusu ya hapo. Lakini pita mitaani Ifakara uangalie nyumba mpya zinazopanda, kisha nenda Dodoma uangalie za kule: madirisha ni yaleyale, paa ni lilelile, na ramani ni ileile iliyotumwa kwa WhatsApp.

Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa iliyopoa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za maji. Ikipoa hadi nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17. Ziada lazima itue mahali. Usiku inatua kwenye bati, ndiyo maana asubuhi bati hudondosha matone hata kama mvua haikunyesha. Na pale ambapo ukuta wa nje umepoa na upepo haupiti, hewa inabaki imejaa unyevu mpaka kunakucha. Katika nyumba nyingi hapo ndipo tulipoegemeza kabati. Ukungu hauhitaji maji ya kumwagika. Mbegu zake zinaelea kila mahali. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 75 au 80 kwa siku kadhaa, na chakula kikiwepo, unaota. Chakula chake ni pamba, ngozi, karatasi, jasho lililosalia kwenye kola, hata ule wanga tunaotia kwenye mashati ya Jumapili ili yasimame.

Ajabu ni kwamba sidhani kama kuna watu Tanzania hii wanaoijua habari ya unyevu kuliko watu wa bonde hili. Mtazame mkulima wa Mngeta au Mbingu anavyouhudumia mpunga wake baada ya kuvuna. Anatandaza turubai, anaumwaga, anaugeuza kwa miguu, wingu likitanda anaukusanya mbio, jua likitoka anautandaza tena. Anachukua punje anaiuma: ikibonyea bado, ikikatika kwa mlio imekubali. Wataalamu watakuambia kiwango cha kuhifadhia ni unyevu wa asilimia 14 kushuka chini, naye kwa meno yake anafika palepale. Ghalani gunia halikai sakafuni, linapandishwa kwenye chaga. Haliegemezwi ukutani. Kati ya safu na safu anaacha upenyo, hewa ipite. Ukimwambia aweke mpunga wake wa supa kwenye boksi lililofungwa, lenye mgongo uliogusa ukuta wenye maji, kwa miezi mitano ya mvua, atakuona umerogwa.

Mkulima huyohuyo akiingia chumbani kwake, kabati liko sakafuni, limegusa ukuta, limefungwa kwa ufunguo, na ndani nguo zimeshindiliwa mpaka mlango unasukumwa kwa goti. Juu yake kuna shangazi kaja mbili za nguo za watoto na blanketi la wageni. Simlaumu. Chumba kina futi kumi kwa kumi, kitanda ni tano kwa sita, na kabati halina pengine pa kukaa.

Ila vuta kabati hilo siku moja uone mgongo wake. Hadibodi imejikunja mawimbi. Chini imebadilika rangi, na vidoa vyeusi vimepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, mahali pengine hadi kiunoni, kisha vikakoma ghafla. Ukutani nako, usawa uleule, lipu imevimba na rangi inatoka magamba, na ukipangusa kwa kidole unabaki na unga mweupe wa chumvi. Mstari huo ni ushahidi wa kutosha. Maji yale hayakutoka kwenye nguo wala hewani. Yamepanda kutoka ardhini.

Tofali la kuchoma, ambalo ndilo tofali letu, lina vitundu vidogo sana na linanyonya maji. Wakati wa masika maji ya ardhini hapa yako karibu mno, waliochimba visima uani wanajua. Msingi ukilowa, tofali la chini linanyonya, linampa la juu yake, na safari inaendelea. Dawa yake haina miujiza: juu ya msingi, kabla ya kuanza kupandisha kuta, hutandazwa ukanda wa lami au wa nailoni nzito unaokata njia ya maji. Mafundi wanauita DPC. Chini ya jamvi nako hutandikwa nailoni kabla ya kumwaga zege. Kazi yenyewe ni ndogo, na bei yake ukiilinganisha na ya mabati haionekani. Lakini ndicho kitu cha kwanza kurukwa hela ikipungua, maana nyumba ikishapigwa lipu hakuna atakayejua. Mtu anajua baada ya masika mawili matatu, fundi akiwa ameshahamia Mlimba.

Kisha wanakuja wenye nyumba wanaoficha kosa kwa rangi ya mafuta. Ukuta wenye maji ukiupaka rangi ya mafuta umeufungia pumzi. Maji hayatoki, yanatafuta njia ya juu zaidi. Wazee walipaka chokaa. Chokaa inaruhusu ukuta kupumua, na ukali wake unauudhi ukungu usiote. Zanzibar, katika nyumba za Mji Mkongwe, wahifadhi wamelalamika kwa miaka kuhusu watu wanaokwangua lipu ya chokaa na kuweka saruji juu ya kuta za mawe ya matumbawe: unyevu unanaswa ndani na ukuta unaoza taratibu. Sisi tunaona chokaa ni rangi ya maskini.

Nyumba za zamani za bonde hili zilikuwa za miti na udongo, paa la nyasi, na kati ya ukuta na paa uwazi wa kupitisha mkono. Moto ulikaa ndani. Moshi ulipanda ukakausha nyasi za paa na kila kilichotundikwa. Nguo zilinuka moshi, hazikunuka uvundo. Sisemi turudi huko. Moshi ule uliumiza mapafu na macho ya mama zetu, na uwazi ule ulikuwa mlango wa mbu. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, imetumia miongo kadhaa kutuonyesha kwamba mbu wa malaria hupenda kuingilia hapo juu, kwenye mwanya wa paa. Ushauri wa kuziba mianya ni wa haki na umeokoa watoto.

Tatizo ni namna tulivyoupokea. Tuliambiwa tuzuie mbu, tukazuia na upepo. Mwanya wa paa unaweza kuzibwa kwa wavu, hewa ikaendelea kupita. Sisi tumeujaza tofali na saruji. Juu tukapiga dari la jipsamu. Dirisha tukaweka la aluminiamu la kusukuma, ambalo hata ukilifungua lote linakupa nusu tu ya nafasi uliyolipia. Nusu hiyo nayo tunaifunga saa kumi na mbili jioni kwa kuogopa wezi na mbu, na pazia zito juu yake. Halafu tunashangaa chumba kinatoa fukuto.

Naomba nichepuke kidogo. Wakulima wa bonde hili, Wandamba wakiwamo, wanajua kulala dungu shambani wakati wa kulinda mpunga: sakafu ya miti iliyoinuliwa juu ya maji, upepo ukipita chini na pembeni. Gambia watafiti wamejaribu vibanda vilivyoinuliwa hadi mita 3 kutoka ardhini, na mbu wa malaria walioingia walipungua sana kuliko kwenye vibanda vya chini. Sijaona bado msanifu majengo aliyelichukua dungu kwa uzito, akalifanya nyumba ya mjini ya mtu mwenye mshahara. Akitokea, nitakuwa wa kwanza kumwandika.

Sehemu nyingine ya unyevu tunaitengeneza wenyewe. Mtu mmoja aliyelala usiku kucha hutoa kwa pumzi na jasho karibu robo lita ya maji au zaidi. Wakilala wanne chumba kimoja, hiyo ni lita nzima kabla ya jogoo. Kuna pia gesi, ambayo serikali inahimiza tuitumie badala ya mkaa, na inafanya vema. Kitu ambacho hatuambiwi ni kwamba gesi ikiungua hutoa maji: kilo moja ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha, zaidi ya lita 9 za maji zimepita hewani mle chumbani, bado hatujahesabu mvuke wa sufuria ya maharage. Kwa mwenye jiko lake uani hiyo si habari. Kwa mpangaji wa chumba kimoja anayepikia mlangoni na kabati liko hatua mbili kutoka kwenye jiko, ni mvua ya ndani. Gesi aendelee nayo. Ila wakati wa kupika dirisha liwe wazi.

Namna tunavyojitetea ndiyo inayonisikitisha zaidi. Dawa inayouzwa na kila mmachinga ni naftalini. Vile vidonge vyeupe vinafukuza nondo na wadudu wengine wanaokula nguo. Ukungu haviuzuii, vinaficha harufu tu. Na vina hatari ambayo kwa eneo lenye malaria kama letu haifai kufichwa. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo umeenea zaidi katika jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, kwa sababu humpa mtu kinga kiasi. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivalishwa nguo au kufunikwa blanketi lililolala na naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka, akapata manjano na kuishiwa damu. Madaktari wanalijua hili miaka mingi. Bibi anayemtunzia mjukuu nguo za kwanza ndani ya shangazi kaja yenye vidonge kumi, kwa mapenzi yake yote, hajawahi kuambiwa. Nguo za mtoto zisikae na naftalini kabisa, na kama zimeshakaa, zifuliwe na kuanikwa juani kabla ya kumgusa.

Mkaa kwenye kopo hunyonya unyevu kidogo, kisha hushiba. Usipoukausha tena juani kila wiki umeweka pambo. Udi wa wenzetu wa Pwani unapendeza, na nguo iliyofukizwa kwenye chetezo hupata joto kavu kidogo, lakini masika ya Kilombero hayashindwi kwa udi. Mashine za kunyonya unyevu zinazotumika Ulaya sizijadili, umeme wa LUKU una mambo mengine ya kufanya.

Na kabati lenyewe? Makabati yanayojaa kwenye maduka ya fanicha siku hizi ni ya MDF, unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Yanang'aa, yana vioo, na yakipata maji miguuni yanavimba yasirudi tena. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 mtu hakuhitaji somo lingine kuhusu MDF. Huku nyuma bonde hilihili lina misitu ya mitiki iliyopandwa tangu miaka ya 1990 na Kilombero Valley Teak Company, upande wa Kilombero na Ulanga. Mtiki ni katika mbao zinazostahimili unyevu kuliko karibu zote duniani. Wajenzi wa meli waliutumia kwa sitaha. Mwingi unasafirishwa nje, sisi tunanunua unga uliogandishwa. Najua kabati la mtiki au la mninga ni ghali. Lakini anayenunua kabati la MDF kila baada ya masika matatu apige hesabu vizuri.

Kwa aliyekwishajenga au anayepanga, yapo yanayowezekana bila kuvunja ukuta. Kabati litoke kwenye ukuta wa nje lihamie kwenye ukuta wa ndani, lakini si ule unaopakana na bafu; vyumba vya masta vimeua nguo nyingi kwa kabati lililopewa mgongo wa bomba linalovuja. Liachwe nafasi ya kiganja nyuma. Linyanyuliwe juu ya vipande vya mbao au matofali mawili mawili. Mwite seremala atoboe safu ya matundu chini na juu ya mgongo wa kabati, ayafunike kwa wavu; ni kazi ya nusu saa. Nguo zipunguzwe, maana baadhi ya zilizomo hazivaliwi.

Kufungua milango nako kuna saa zake. Alfajiri ya masika hewa ya nje imejaa maji karibu kupita kiasi, na anayefungua kabati saa kumi na mbili asubuhi "lipate hewa" anakaribisha mvuke. Lifunguliwe jua likishapanda, saa nne hivi hadi saa kumi alasiri, pamoja na dirisha na mlango ili upepo upite mara moja. Jioni lifungwe. Nguo iliyotoka kwenye pasi bado ina mvuke, iachwe ipoe kwenye kiti. Shati lililovaliwa hata kwa saa mbili tu lisirudishwe kabatini. Vyeti vya shule na hati za kiwanja vitoke chini ya nguo, vikae kwenye kopo kavu lenye mfuniko, vikiwekwa siku ya jua na si siku ya mvua, kwa sababu mfuniko hutunza kile ulichofungia, kikavu au kibichi. Ukungu ukishaota, futa kwa kitambaa chenye sabuni, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, kisha juani. Jiki usiichanganye na siki hata kidogo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini inayoumiza mapafu.

Na mapafu ndiyo yanayofanya jambo hili lisiwe la suti tu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likieleza kwamba wanaoishi humo wana hatari zaidi ya kupata pumu na matatizo mengine ya kupumua. Hapa kwetu tumejifunza kuogopa ukungu wa chakula. Neno sumukuvu sasa linajulikana hadi vijijini. Ukungu wa ukutani, ambao mtoto anaupumua usiku kucha, hauna semina wala bango.

Uingereza ilibidi mtoto afe. Awaab Ishak, wa familia iliyotoka Sudan, alifariki Desemba 2020 huko Rochdale akiwa na umri wa miaka miwili. Wazazi wake walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kuhusu ukungu katika nyumba waliyopangishwa. Wakajibiwa kwamba tatizo ni namna wanavyoishi. Novemba 2022 uchunguzi wa mahakama ukaamua kwamba kilichomuua ni kuvuta ukungu ule kwa muda mrefu, na mwaka uliofuata Bunge la kule likapitisha sheria, maarufu kwa jina la mtoto huyo, inayowalazimisha wenye nyumba za jamii kushughulikia unyevu kwa muda uliopangwa. Jibu walilopewa wazazi wale ndilo analopewa mpangaji wa Lipangalala akionyesha ukuta wake: nyie hamfungui madirisha. Tofauti ni kwamba wa Lipangalala ameshalipa kodi ya miezi sita mbele na hana pa kulalamika.

Halmashauri ya Mji wa Ifakara hutoa vibali vya ujenzi. Naiomba iongeze ukaguzi mmoja tu, pale msingi unapokamilika na kabla ukuta haujapanda, mkaguzi aone DPC kwa macho yake. Iwaambie na wenye nyumba za kupangisha kwamba ukuta unaotoa chumvi ni ukuta mbovu, na anayepaswa kuutengeneza ni mwenye ukuta. Juni mvua zikikatika msimu wa kujenga unaanza. Unayejenga mwaka huu, siku msingi ukimalizika usimtumie fundi hela kwa simu ukabaki mjini. Nenda mwenyewe, umuulize nailoni iko wapi, na kama haipo, tofali lisipande.